Hilja na Pembea ya Barafuni

Mtu akikuambia Hilja Pakarinen amezeeka, mwambie akamwambie mwenyewe, kisha atimue mbio. Mimi Aune ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe Eino, na tunagombana tangu siku alipoolewa kwetu akanipa kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Nyumba zetu zinatazamana kando ya ziwa. Namjua mpaka kikohozi chake.

Maisha yake yote alikamua ng'ombe, mpaka magoti yakagoma, na akalea binti mmoja, Tuulikki. Lakini watu wa huku wanamjua kwa pembea. Kila mwaka, kabla ya Jumapili ile ya kuteleza ambayo baada yake Kwaresima inaingia, shimo linatobolewa kwenye barafu ya ziwa na nguzo inasimamishwa humo mpaka baridi iikamate. Juu ya nguzo linalazwa gurudumu la mkokoteni, kwenye gurudumu unafungwa mti mrefu, na mwisho wa mti kuna sleji, kigari cha kutelezea kisicho na magurudumu. Watoto wanakaa kwenye sleji, wakubwa wanasukuma upande mfupi, na hapo kofia zinaruka na wenye mdomo mpana wanamwita mama.

Zamani ilikuwa kazi ya Eino. Kisha mwaka mmoja, barafu ikiwa imeanza kuoza kwa joto, alikwenda kutoa nyavu na ziwa likamchukua. Watu wakasema nyumba ile haitakanyaga ziwa tena. Majira ya baridi yaliyofuata, Hilja alibeba mtarimbo wa mumewe begani, akatoboa shimo, akasimamisha nguzo mwenyewe. Dukani walinong'ona kwamba hana haya.

"Limemchukua Eino," aliwajibu pale pale mbele ya kaunta. "Na furaha ya watoto nayo lichukue? Halipati ng'o!"

Tuulikki alikuwa mdogo wakati ule. Tangu hapo hakupanda sleji ile tena. Hata alipokuwa mtu mzima na watoto wake, alisimama ukingoni, mikono mfukoni, akiangalia barafu kama mtu anayemwangalia adui.

Sasa mwaka huu, baada ya Krismasi, alikuja na mumewe Jarmo akamkuta mama yake na mkono umevilia damu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya mlangoni.

"Basi, mama. Chumba kipo tayari mjini Kuopio. Kina lifti, kina joto, kimetulia."

"Kaburini pia kumetulia. Nimeomba?"

"Utakufa hapa peke yako!"

"Peke yangu vipi, na huyu mchawi wa ng'ambo hachoki kunichungulia?"

"Mchawi anayekuletea samaki," nikasema. "Leo hupati."

Tuulikki hakucheka. Alikuwa analia kwa hasira. "Sawa. Ukisimamisha pembea mwaka huu kwa mikono yako, Kuopio sitaitaja tena. Ukishindwa, Jumapili hiyo nakuja na maboksi, tunafungasha. Na wewe shangazi, niapie hutamsaidia hata kufunga kamba."

Nikaapa. Ningefanyaje? Hilja mwenyewe alikuwa ananikazia macho niape.

Halafu unajua alifanya nini binti huyu? Alimwambia Jarmo apakie mtarimbo na keekee ya barafu kwenye buti ya gari. Eti kwa usalama wa mama! Nilimfokea Jarmo mpaka masikio yake yakawa mekundu, lakini vifaa viliondoka. Nilitaka kumwazima Hilja mtarimbo wangu, akakataa katakata.

"Kaa nao. Asije akasema nilibebwa."

Akajaribu shoka. Barafu ilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu, na mkono wake mbovu ukamsaliti. Nilimwona ameketi kwenye kisleji chake cha kusukuma katikati ya ziwa, kimya. Hilja kimya! Niliogopa kuliko siku ya mazishi.

Asubuhi iliyofuata nilivuka na samaki, maana moyo ulinisuta. Nikamkuta anaoga. Ana shimo lake barafuni, mbali na matete, ambalo halilali bila kufunikwa kwa mbao na magodoro makuukuu lisigande. Kila asubuhi anashuka kwa ngazi ya mbao, uchi wa mnyama, anazama mpaka shingoni. Hata siku tuliyomzika Eino hakukosa kuoga. Akatoka anafuka mvuke, akajifunga taulo, akaligeukia shimo, akalitazama weee. Kisha akapasuka kwa kicheko.

"Wifi! Si shimo hili hapa!"

"Toba! Na kesho utaogea wapi?"

"Sitaoga." Kicheko kikamkatika. "Bora nikose shimo kuliko kukosa ziwa."

Aliburuta nguzo kwa kisleji, akaitumbukiza, akaikaza kwa miti ya kukingama, akalijaza shimo theluji na vipande vya barafu. Baridi ikamaliza kazi. Gurudumu alilipandisha kwa ngazi ile ile ya kuogea, huku mimi nimeweka mikono nyuma.

"Imepinda!" nikamwambia.

"Umepinda wewe!"

Jumapili ikafika. Supu ya njegere inachemka, mikate ya krimu mezani, gari likaingia na maboksi. Wajukuu, Veera na Oskari, waliona pembea wakapitiliza mbio hadi barafuni.

Tuulikki akaja polepole. "Umetoboa kwa kifaa gani?"

"Sijatoboa kitu."

Akaangaza, akaiona ngazi imeegemea nguzo. Akaelewa. "Mama… shimo lako."

"Panda."

"Sipandi."

"Umeniwekea sharti, nimelitimiza. Panda uone kama imekaza. Au mkono wa mama yako huuamini?"

Akapanda, amejikunyata, macho kayafumba. Hilja akasukuma, Jarmo akaongeza nguvu. Sleji ikazunguka polepole, kisha kwa kasi, na kofia ikamtoka. Hapo nikamsikia binti wa kaka yangu anapiga ukelele wa baba yake: "Kitani kirefuuu!" Ndivyo tunavyopiga kelele siku hiyo, kwamba ukiteleza mbali kitani kitarefuka shambani, ingawa hakuna aliyelima kitani huku tangu bibi yangu. Alilia na kupiga kelele kwa pamoja, na mimi nikalia, sioni aibu.

Ukingoni watoto walikuwa wameshayakanyaga maboksi yakawa bapa, wanateleza juu yake kuteremkia ziwani.

Tuulikki akashuka akiyumba, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Nikadhani anaondoka. Akarudi na mtarimbo wa baba yake. Akaipita pembea, akasimama pale ambapo sleji haifiki, akaanza kupiga barafu.

"Si hapo!" Hilja akafoka. "Hapo kina kirefu. Sogea kulia!"

"Nyamaza, mama. Kesho asubuhi unaoga."

Hilja akanyamaza, mara ya pili mwaka huu.

Nami nikaenda kuchukua mtarimbo wangu. Nilichoapia ni pembea. Shimo halikutajwa.