Siku Nilipojifunga Bandeji Mbele ya Wakwe

Jamani, hili nalisema huku uso nimeufunika kwa mtandio, maana mpaka leo wakwe wa dada yangu wakinipa mkono hunipa kwa ncha za vidole.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, miaka ya tisini hiyo, tunakaa Al Khuwair, huku Omani, na kila baada ya alasiri mimi na Bibi tulikuwa mbele ya televisheni tukitazama katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti kwa Kiarabu cha vitabuni, kile ambacho nyumbani kwetu hakisemi mtu (sisi ni Kiswahili na Kiomani tu). Mlikuwa na kijana mpole, hata sisimizi hamkanyagi, lakini ndani yake mna moto ambao akikasirika unateketeza mji mzima, basi mkono kaufunga bandeji na kila anayemsogelea humwomba ajitenge asije akamuumiza. Nilimpenda kijana yule mpaka nikawa namlilia.

Siku hiyo wanawake wa upande wa bwana walikuja kutoka Al Amerat kumtazama dada yangu Salma, na Salma alimtaka bwana huyo kwa roho yake yote, na mama hana raha, maana posa ya kabla ilivunjwa na maneno ya watu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupitisha kahawa na halwa. Haya zimenijaa, nikaona bora nijifunge bandeji mkono wa kulia, niseme nimeungua kwa mafuta ya sambusa (kwa mkono wa kushoto nani atampa mgeni finjani?).

Ningeachwa chumbani yangeishia hapo. Nikaitwa nisalimie, na mama wa bwana, mtu wa huruma za kushikashika, akanidaka: "Lete nikutazame, mwanangu, mimi nna dawa ya moto." Akaanza kuifungua bandeji! Nikaona ngozi nzima inatokeza sasa hivi na dada anakosa mume kwa uongo wangu, na kwa ile hofu, wallahi sijui vipi, ikanitoka sauti nzito ya yule kijana, kwa Kiarabu chake kilekile: "Ibtaid anni! Jitenge nami, sitaki kukudhuru!"

Hakucheka mtu. Kwetu msichana akitoa sauti ya kiume kwa Kiarabu kama hicho, basi hasemi yeye, anasemewa na jini. Mama wa bwana aliuachia mkono wangu akarudi nyuma mpaka ukutani. Mimi napiga kelele, "Katuni! Ni katuni tu!" na hakuna anayenisikiliza, maana Bibi alikuwa ameinuka.

Bibi huyu sijapata kumsikia akimkemea hata paka. Alikuja mbele yangu na hakunitazama mimi, alitazama juu ya bega langu, akasema taratibu: "Mpaka huku umenifuata? Mwache mtoto. Rudi kwangu, mimi nshakuzowea."

Moshi wa ubani uliokuwa ukienda dirishani ukageuka, ukamwendea yeye. Bibi akapepesuka, akakunja ngumi, akafumba macho kitambo, kisha akakaa na kutabasamu: "Haya, yuko kwangu. Nyumba salama. Mnasemaje kuhusu binti yetu?"

Mama wa bwana, jasho linamchuruzika, akasema wamekubali, wamekubali kila kitu, akaondoka na halwa hakuigusa.

Nikamwendea Bibi nikilia. "Bibi, mimi nilikuwa naigiza tu."

"Najua. Si tunaitazama pamoja?"

"Sasa ulikuwa unasema na nani?"

Akanifuta machozi kwa kanga yake. "Wewe unadhani mimi katuni ile naipendea nini?"

Salma aliolewa na ana watoto wake, alhamdulillahi. Mimi tangu siku ile kahawa napitisha bila kuombwa, na aliyetaka kumpandishia Bibi sauti nilimwahi nikamtoa nje. Bibi alifariki mkononi mwangu, na tangu hapo, jamani, mtu akinichokoza mimi huondoka, sitaki kabisa kujua nikikasirika itakuwaje.