Misumari Mdomoni mwa Kasuku

Hebu mwone anavyoingia, ndugu yangu: mama wa makamo, kitambaa cha kochi begani, mzigo wa sponji kichwani, anausukuma mlango wa karakana kwa nyonga. Kabla hajatua mzigo, macho yameshamtafuta mumewe. Yupo. Amepiga magoti mbele ya kochi la watu, nyundo mkononi, midomo imefumbwa. Mama anashusha pumzi.

Mtaani mume huyo wanamwita Kasuku, kwa jinsi alivyokuwa akiongea. Alikuwa na uwezo wa kukuuzia kochi ulilokuja nalo mwenyewe. Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Nyundo ikawa "ile", mkasi ukawa "ile", hata mkewe akawa "ile". Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo, unakula lugha polepole na haurudi nyuma. Sasa limebaki "ndiyo" peke yake, nalo halina kazi. Ukimuuliza ana njaa, ndiyo. Ameshiba? Ndiyo.

Mikono tu ndiyo haijasahau kitu. Mafundi makochi wa zamani huweka misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja, mkono huu ukivuta kitambaa na ule ukigonga. Kasuku bado hufanya hivyo, na mkewe akapata hapo pa kuuficha ugonjwa wake.

"Kasuku, leo umeninunia?" alianza mteja siku hiyo, dada muuza mitumba, mwenye kochi. "Au umeoa mke wa pili, kakukataza kuongea na sisi?"

"Mwache mume wangu," mama akadakia. "Ana misumari mdomoni. Unataka aimeze?"

Wakacheka. Kasuku naye akacheka, kwa kuwa wenzake wamecheka.

Halafu akakohoa. Akajishika koo, macho yakamtoka, akameza kwa nguvu. Nyundo ikaanguka.

Mama alitupa sponji, akamfungua mdomo kwa vidole. Hamna hata msumari. Akapapasa sakafuni: misumari tele, ya leo, ya jana, ya wiki nzima. Ingemwambia nini?

"Mume wangu, umemeza?"

"Ndiyo."

"Au umeitema? Umeitema, eti?"

"Ndiyo."

"Nitazame. Inauma wapi? Hapa?"

"Ndiyo."

Kila alipomgusa, ndiyo. Muuza mitumba alikuwa amekwisha acha kucheka.

"Mama, huyu baba ana nini?"

"Maneno yamemwisha, mdogo wangu. Yamemwisha siku nyingi, nami nilikuwa nawaficha. Niitie gari, tafadhali."

Kwenye benchi la hospitali mama alimshika mkono asiuachie. Mumewe akimeza mate, yeye ndiye anayehisi chuma kikishuka kooni. Akamtazama midomo, akitafuta damu. Akaona wekundu, akaruka, akaufuta kwa kidole, akaona ni rangi ya kitambaa tu. Wakaitwa, Kasuku akapigwa picha ya eksirei, wakasubiri tena.

"Hana msumari," daktari alisema. "Nenda naye nyumbani. Ila misumari isiingie tena mdomoni, mama. Nimeeleweka?"

Mama alishukuru mpaka daktari akaona haya.

Nyumbani alimpa chakula laini, kijiko kwa kijiko, na Kasuku alikula vizuri. Mama akaanza hata kumtania: "Umenitia presha bure, mzee. Ulitaka kupanda gari tu?"

Kasuku hakucheka. Alisukuma sahani, akaweka kiganja kifuani, akakishusha polepole mpaka ubavuni, akabonyeza. Kisha akamtazama mkewe, kama mtu anayengoja jibu.

"Ni tumbo? Ni moyo? Au bado una woga tu, mume wangu?"

"Ndiyo."

Picha ile ilitafuta msumari. Haikuombwa kutafuta kingine. Mama amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi. Akirudi hospitali, daktari atamuuliza mgonjwa anasikia nini. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?