Kuzaa kwa Kigiriki

Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga, mtaani Lucky Summer, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nina mtoto mmoja tu, binti, na jina lake lilichukuliwa na jirani yangu wa mlango wa pili. Sikumpa. Watu walimwona mtoto kila siku chini ya cherehani yake akicheza na vipande vya vitambaa, wakaanza kumwita Mama Fulani, naye hakuwasahihisha. Mimi nilikuwa kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, nikipanga sabuni kwenye katoni tangu asubuhi hadi jioni. Nikaitwa "yule wa kiwanda." Na mwanamke mwenyewe hajawahi kuzaa.

Nilimwonea wivu, na sitaki kulipamba neno hilo. Kila jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta mtoto ameshalishwa, ameogeshwa, amesukwa, nami nikashukuru huku nimeuma meno. Kisha nikamwingiza ndani, nikazifumua nywele zile na kuzisuka upya, hata kama zilisukwa vizuri. Hasa kama zilisukwa vizuri.

Mwaka huu binti yangu, ambaye sasa ana nyumba yake Kayole, alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa hajasema akitoka hospitali na mtoto atakuja kupumzika kwa nani: kwangu au mlango wa pili. Nilinunua beseni na blanketi, nikavificha chini ya kitanda. Sikutaka jirani aone ninavyongoja.

Ndipo Jumapili moja, katika kikao cha akina mama baada ya ibada, pasta wetu kijana akaandika ubaoni neno la Kigiriki: teknogonia. Linatoka katika ule mstari wa waraka kwa Timotheo unaosema mwanamke ataokolewa kwa kuzaa, mstari ambao umewaliza wengi wasiopata watoto. Alisema wataalamu wanavutana. Wapo wanaosema ni kuzaliwa kwa Mtoto mmoja tu, Kristo. Wapo wanaosema ni malezi yote, tangu nepi mpaka harusi. Jirani yangu alikuwa ameketi mbele yangu, na niliona shingo yake ikinyooka aliposikia malezi.

Niliinua mkono. Nikauliza neno lenyewe, likiachwa lilivyo, ni kuzaa au ni kulea. Pasta akasema likiachwa lilivyo ni kuzaa. Kulea kuna neno lake jingine, nalo limo katika waraka huohuo, kwenye habari za wajane wanaostahili heshima. Nilifurahi kama aliyeshinda kesi ya shamba. Nikasema, akina mama wote wakisikia, kwamba basi hata Wagiriki walijua kutofautisha mama na yaya.

Kila mmoja pale alijua namsema nani. Jirani yangu hakugeuka. Alimwuliza pasta, kwa sauti yake ileile ya kupimia watu nguo:

"Na mimba, pasta? Sisi tunasema kulea mimba. Wagiriki wanasemaje?"

Pasta alicheka kidogo, akakiri kwamba hajui.

Mimi nilijua. Miaka ile nilipokuwa na mimba ya binti yangu, ilitaka kutoka ikiwa na miezi minne. Daktari aliniamuru nilale kitandani mpaka nijifungue, na mume alikuwa ameshakwenda zake. Aliyepanda ngazi na mitungi ya maji, akamwaga beseni langu, akanipikia uji wa wimbi kwa miezi mitano, ni yeye, jirani yangu. Nilizaa mimi, lakini mimba ile tuliilea wawili, na kazi kubwa ilikuwa yake. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kwa makusudi, na nilimchukia kwa kunikumbusha bila hata kupandisha sauti.

Tulirudi pamoja, maana njia ni moja. Tulipofika kwenye ngazi simu yangu ikalia. Alikuwa binti yangu. Niliweka sauti kubwa ili jirani asikie kwamba nimepigiwa mimi.

"Mathe, nikitoka hosi nakuja kwako."

Nilimtazama jirani usoni nione kama imemuuma. Kisha binti akaendelea:

"Lakini Mama atakuwa hapo pia, si ndio?"

Mathe ni mimi, kama vijana wote wa Eastlands wanavyowaita mama zao. Mama ni yeye. Imekuwa hivyo tangu mtoto ajue kusema.

Jirani angeweza kujibu, simu ilikuwa karibu na mdomo wake. Lakini alinitazama, funguo mkononi, akasema taratibu, "Muulize mama yako."

Sikumbuki kama aliwahi kuniita hivyo mbele ya mtoto. Niliirudisha simu mdomoni kwangu.

"Atakuwepo," nikasema. Neno hilo moja lilinitoka kwa uchungu mkubwa kuliko alivyonitoka mtoto mwenyewe.