Sisimizi wa Nyuma ya Ghala

Nitasimulia pole pole, kwa sababu mpaka leo masikio yangu hupata moto nikikumbuka jinsi mkojo wangu ulivyojadiliwa mbele ya wakwe, tena siku yenyewe ya kuomba mke.

Tulitoka Matisi, Kitale, mimi na baba yangu, tukaenda Myanga kwa kina Nekesa, msichana niliyetaka kumwoa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na kiu ya ajabu. Nyumbani nilikuwa nikiinamia mfereji na kunywa kama ng'ombe, na suruali ya suti ilikuwa imelegea mpaka nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari (nilifikiri ni mapenzi, si watu husema mapenzi hukondesha).

Basi tumeketi sebuleni, baba mdogo wa Nekesa, Mzee Barasa, akaniuliza, "Kijana, soda ama chai?" Nilitaka maji. Lakini mimi ni mtu wa haya, nikaona kuomba maji mahali watu wamenunua kreti nzima ni kuwadharau, nikasema soda. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimaliza chupa kabla ya maombi kuisha. Mzee Barasa akacheka, "Huyu anakunywa kama trekta! Mwongezeeni!" Nikaongezewa, kiu ikazidi, na kibofu kikajaa.

Sasa njia ya choo ilipita mlangoni mwa jikoni, na jikoni alikuwa mama yake Nekesa. Kwao mkwe na mama mkwe hawakaribiani wala kushikana mkono, kwa hivyo kila nilipopita mama wa watu aliacha sufuria akajificha nyuma ya mlango, na wanawake wakaanza kucheka. Nilipobanwa tena sikuweza kupita pale. Nikazunguka nyuma ya ghala la mahindi, nikajisaidia, nikarudi kuketi kama mtu mwenye heshima zake.

Wazee walikuwa wamefika kwenye mambo ya ng'ombe wakati shangazi mmoja alipopiga kelele huko nje, "Nani amemwaga chai hapa? Ona sisimizi! Wamepanga laini kama watu wa sadaka!"

Katoto fulani kakajibu kwa sauti ya kusikika Bungoma mjini, "Si chai! Ni bwana ya Nekesa amekojoa!"

Baba yangu akaangalia viatu vyake.

"Ati nini?" Mzee Barasa akauliza.

Nikajua Nekesa ameniponyoka. Nilitaka kusimama niombe msamaha, lakini miguu ilikataa, na nikawa napumua kama mtu aliyekimbia kutoka Saboti.

Hapo mama yake Nekesa akaingia. Aliingia kabisa, mbele ya wanaume, akainama karibu na uso wangu, akanusa.

"Mama Nekesa, huyo ni mkwe! Unatuletea aibu," Mzee Barasa akasema.

"Aibu itangoja. Kijana, umekuwa ukikonda?"

"Ndiyo, mama."

"Harafu unakunywa maji na haitoshi?"

"Ndiyo."

Akawageukia. "Pumzi yake inanuka ndizi imeiva sana. Dada yangu alinuka hivi, na sisimizi walikuwa wanafuata beseni yake, na sisi tukasema amerogwa. Tulimzika. Tafuteni gari!"

Nakumbuka vipande tu: pikapu ya jirani, magunia ya vitunguu, nikitapika, na yule mama ambaye sikupaswa hata kumtazama usoni amelaza kichwa changu mapajani, ananipanguza mdomo kwa leso yake. Hospitalini Bungoma walinidunga kidole, na mashine ikakosa namba. Daktari alisema sukari ilikuwa imepita pale mashine inaweza kuhesabu, na kama ningengoja, kesho nisingeiona.

Nililala pale na dripu mkononi nikishangaa. Sisi ambao nyumbani sukari hupimwa kwa kijiko, kumbe nilikuwa nimeijaza damuni, na wa kwanza kujua ni wadudu wadogo hivyo.

Nekesa nilipewa. Mzee Barasa alisema mkwe ambaye ametuonyesha yote siku ya kwanza hana kitu ingine ya kuficha.

Siku hizi natembea na dawa yangu ya kujidunga. Nikifika Myanga, mama amesharudi nyuma ya mlango wake, lakini jagi la maji liko mezani kabla sijasalimia mtu. Mimi kuona haya kuomba maji, au kuuliza choo kiko wapi, nimeacha kabisa. Ila kabla ya kuondoka huwa napita nyuma ya ghala, na nikikuta sisimizi wako na shughuli zao, navua kofia.