Mbegu Arobaini Hadi Nduguti

Niliondoka Kintinku kwa sababu ya kikombe.

Ni kikombe cha bati, cheupe, kina maua mekundu yaliyobanduka upande mmoja, na kipo Nduguti kwa dada yangu Elina. Mimi sina nyumba. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimepakia mizigo, nimechota chumvi, nimefyatua tofali, nimechunga ng'ombe wa watu. Kila mahali nimekaa mpaka nikajua mambo yao yote, kisha nikahama. Lakini kikombe changu kilikaa kabatini kwa dada pamoja na vya watoto wake, na mtu mwenye kikombe mahali hajapotea kabisa.

Pasaka iliyopita nilikwenda kuwatembelea. Nilivuta sigara nyuma ya choo, nikaingia ndani, nikambeba mpwa wangu Tumaini, mwenye miaka sita na pumu. Akaninusa shingoni, akacheka, kisha kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Midomo ikabadilika rangi. Bodaboda ikatukimbiza zahanati, dada katikati akimshika mtoto, mimi nyuma nikiwa na harufu ile ile kwenye koti.

Tumaini alipona. Tuliporudi, dada hakunigombeza. Aliosha kikombe changu, akakiweka nje, kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mtu akifa tunamhesabia siku arobaini ndipo tunamaliza msiba," alisema. "Nenda ukaizike hiyo sigara. Arobaini ikitimia, njoo uingie. Kabla ya hapo usivuke mlango huu."

"Na nikivuta moja tu katikati?"

"Maiti anazikwa mara moja, Daudi. Ukimfukua, unaanza upya."

"Utajuaje?"

"Sitajua. Utaniambia wewe."

Kintinku nilijaribu mara mbili nikashindwa. Kazi ilikuwa ya kupakia magunia, na wapakiaji wote kumi na mmoja tulivuta. Ukikaa pembeni unaitwa mlokole. Mara ya tatu niliamua kutembea: nivuke mkoa mzima taratibu, nikifanya vibarua njiani, na siku ya arobaini nifike Nduguti. Nilimtumia dada ujumbe wa tarehe. Nikachukua kiberiti, nikamwaga njiti zote, nikaweka ndani mbegu moja ya alizeti. Kila asubuhi mbegu moja. Mfuko wa kulia wa koti nikaujaza mbegu nyingine za kutafuna mkono ukianza kutafuta.

Siku ya kwanza hadi ya nne, kupandisha ukingo kwenda Manyoni. Kintinku ipo chini kwenye joto, Manyoni ipo juu kwenye upepo, na kati yake kuna mlima ambao malori huupanda yakiguna. Niliupanda kwa miguu kwa makusudi, nikiamini mapafu yakikosa hewa yatasahau sigara. Hayakusahau. Nilikohoa vitu vya rangi ya kahawa. Nilimchukia kila dereva niliyemwona mkono nje ya dirisha na moshi vidoleni.

Manyoni nilikaa kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, nikimchotea maji kwa malipo ya chakula. Siku yangu ya tatu kwake aliniletea chai ya rangi yenye tangawizi. Nilipomeza tu, mkono wangu wa kushoto ukaenda sikioni, pale nilipokuwa nikichomeka sigara. Nikasimama, nikausukuma mlango wake kwa bega mpaka bawaba ikachomoka.

"Mlango umekukosea nini?" aliuliza.

"Naacha sigara, mama."

"Basi chai nitakunyima. Utakunywa uji mpaka uondoke." Akacheka. "Na huo mlango utautengeneza."

Nikautengeneza. Uji hauna kumbukumbu ya sigara. Hilo nililijua kwake na nimelishika mpaka leo.

Siku ya kumi na mbili, Ihanja. Nilifika mchana, upepo wa Juni ukikausha midomo, mashamba ya alizeti yameinamisha vichwa vyeusi yakisubiri kukatwa. Niliomba kazi nyumba ya tatu niliyoikuta. Mwenyeji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, Mama Neema. Mumewe, Mzee Petro, alikuwa ameketi ukumbini juu ya gunia la pumba, mguu mmoja mbele yake kama kitu alichoazima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakata alizeti au unakata maneno?"

"Vyote, mzee."

"Maneno tunayo."

Nilikata alizeti zao wiki mbili. Jioni nilijifunza nyuki. Mama Neema alikuwa na mizinga kumi na minne ya magogo, imetundikwa porini mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Nilimchosha kwa maswali: nyuki analala saa ngapi, malkia anajulikanaje, kwa nini mzinga huu unaangalia mashariki. Alijibu yote. Asali yake hakuirina usiku kama wengine, aliirina jua linapozama. Hakuwa na bomba la moshi la kisasa. Alitumia kienge, mganda wa magome na nyasi unaofuka bila kuwaka, na mtu anayekishika hupanda nyuma ya mrinaji na kukipuliza kwa mdomo.

"Na huyo mpulizaji," alisema, "asiwe amekunywa pombe, asiwe amevuta sigara siku hiyo, asiwe amejipaka mafuta ya kunukia. Pumzi yake inakwenda na moshi."

"Nyuki wanajua?"

Aliashiria mguu wa mumewe kwa kidevu. "Muulize huyu."

Mzee Petro alianguka kutoka kwenye mti wa mzinga miaka mitatu iliyopita. Mpulizaji wake alikuwa amepitia kilabuni, na hakusema. Nyuki walitoka wote kwa pamoja. Kama sababu ni pombe au ni hasira zao tu, mimi sijui, na sina kitabu cha kuniambia. Najua nyonga yake haikuunga sawa.

Siku ya ishirini na tisa. Asubuhi niliweka mbegu, nikazihesabu: ishirini na tisa. Nilikuwa nimeanza kusikia harufu tena, ya nyasi kavu, ya mbuzi, ya udongo wa ukuta. Mama Neema aliniambia jioni ile nitashika kienge, tutarina mzinga mkubwa kuliko yote. Nilijivuna. Saa nne akanituma barabarani kununua chumvi.

Barabarani nilikuta lori limesimama, na chini yake Kisoda, dereva tuliyefanya kazi pamoja zamani mimi nikiwa utingo wake.

"Daudi mzururaji," alisema. "Bado hujafa? Nishikie hii nikaze nati."

Akanipa sigara yake, imewashwa.

Niliishika kwa mbali, kama mtu ashikavyo mkia wa nyoka. Moshi ukapinda na upepo, ukanijia. Kisoda alikuwa na spana, mgongo wake kwangu. Nakumbuka niliwaza jambo moja tu: hii si yangu, ni ya Kisoda. Alipogeuka nilikuwa nimefika kwenye kichungi.

"Nilikwambia ushike, siyo ule," akasema, akawasha nyingine.

Nilirudi na chumvi. Nilipitia kisimani, nikanunua kipande cha sabuni ya kunukia kwa muuza duka wa jirani, nikaoga mara mbili, nikasukutua mdomo kwa majani ya mpera. Nikajiambia ni moja tu, na nusu ilishavutwa na mwenyewe.

Saa kumi na mbili kasoro, porini. Mti ulikuwa mrefu, mzinga juu kabisa, unavuma kama watu wanaosali kimoyomoyo. Mama Neema ana desturi: kabla ya kupanda anachukua mikono ya msaidizi wake na kuinusa, kama mama anusavyo mtoto aliyetoka kuchezea samaki. Alinusa yangu, akacheka.

"Umeogea nyuki au umeogea bibi harusi? Sabuni gani hii?" Akanipakaza majivu mpaka viwikoni. "Utawafanya wadhani ni ua."

Hakunusa zaidi ya hapo. Sabuni ilikuwa imeniokoa. Akavaa kofia yake yenye chandarua, chandarua kimeshonwa mahali pawili kwa uzi mweusi. Akapanda ngazi ya kwanza, ya pili.

"Washa, uje nyuma yangu."

Nilipiga kiberiti chake, magome yakashika, moshi ukaanza. Nikaweka mguu kwenye ngazi. Mdomo wangu ulikuwa kiganja kimoja kutoka kwenye kienge. Juu nyuki wawili watatu walikuwa wameshatoka kuangalia. Miguu yake ilikuwa usoni kwangu, kandambili za matairi, kisigino kimepasuka. Akapanda ngazi ya tano.

"Puliza," alisema.

Sikuweza kupuliza. Nilimwona Mzee Petro na mguu wake juu ya gunia. Nilimwona Tumaini.

"Puliza, mwanangu, wananijia."

"Mama Neema, shuka."

"Nini?"

"Nimevuta. Leo saa nne. Shuka taratibu."

Ngazi iliguna mara tano. Alipofika chini alikizima kienge kwa mchanga, akatangulia njiani.

Nyumbani nilikaa nje nikisubiri kufukuzwa. Mzee Petro aliuliza asali iko wapi, mkewe akamwambia.

"Wangu hakusema," akasema mzee. "Mpe ugali huyo, asubuhi tuna gunia kumi za kupiga."

Asubuhi nilikimwaga kiberiti mbele ya kuku. Walimaliza siku zangu ishirini na tisa kabla sijafunga kifuniko. Nikaweka mbegu moja.

Tulirudi kwenye mti siku tatu baadaye. Mzinga ulikuwa chini, umepasuliwa, masega yametafunwa, alama za kucha kwenye gogo lote. Nyegere alikuwa ametutangulia. Asali ya mzinga ule ndiyo ingenunua bati za upande mmoja wa nyumba. Mama Neema aliokota kipande cha sega, akakinusa, akakitupa.

"Huyu naye havuti," alisema. Ndilo neno pekee la lawama alilonipa.

Siku ya arobaini ya safari, Singida mjini. Dada alikuwa akinisubiri siku hiyo. Nilipata nafasi juu ya lori lililotoka mashineni kupeleka alizeti ya mbegu vijijini kupitia Iguguno hadi Nduguti. Nikapanda juu ya shehena.

Lori liliacha miamba mikubwa ya mji nyuma yetu, upepo ukinipiga masikio. Nilifungua kiberiti kuhesabu. Kumi na moja. Nikakifunga. Nikakifungua tena. Gunia nililokalia lilikuwa limetoboka kwenye kona, na kila lori liliporuka mbegu zilimwagika kiganjani mwangu zenyewe, kavu, nyeusi zenye mistari, sawa kabisa na zangu. Ishirini na tisa tu zilihitajika. Nilizichambua, nikachagua za ukubwa mmoja, nikazipanga gotini. Nusu saa iliyofuata sikuona nchi. Sijui hata mashamba ya Iguguno yalikuwa na nini, mimi niliyekuwa nikitaka kujua kila kitu.

Sitajua, dada alikuwa amesema. Utaniambia wewe.

Kulikuwa na wakati mbegu arobaini zilikuwa ndani ya kiberiti. Nilisikia uzito wake, na hautofautiani sana na wa kumi na moja. Tulipokaribia Nduguti, ofisi mpya za serikali zikionekana na bati zake za bluu, nilimwomba dereva apunguze mwendo, nikaruka, nikakaa kando ya barabara. Nilizitoa zote. Nikarudisha kumi na moja. Nyingine nilizitafuna, kwa kuwa sikuamini mfuko wangu.

Saa tisa, Nduguti. Dada alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mlango ulikuwa wazi na harufu ya kuku wa kienyeji ilinifikia uani. Alinyoosha mkono kunikaribisha. Nikampa kiberiti.

Alifungua, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Kumi na moja."

"Nilifika ishirini na tisa. Nikamfukua maiti."

Nilitaka agombe. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini ya dirisha, upande wa nje. Kisha akachukua kile kikombe cha bati kwenye kizingiti, akafuta vumbi kwa khanga, akanimiminia uji.

"Kaa," alisema. "Kuku tutakuletea hapo hapo."

Nikala nje, wao ndani, nondo za dirisha kati yetu. Tumaini alileta sahani yake dirishani ili tule pamoja.

"Mjomba, mbona huingii?"

"Zimebaki siku ishirini na tisa."

"Nyingi?"

"Nilishawahi kuzifika."

Akaomba kiberiti. Dada akampa. Akazimwaga mbegu kwenye kizingiti, mahali kilipokaa kikombe, akazipanga mstari. "Hizi nabaki nazo mimi," alisema. "Kila asubuhi naweka moja. Lakini ukivuta, mwambie mama awape kuku wazile."

"Nitampigia simu nimwambie."

"Sawa."

Nilirudi Ihanja kesho yake. Mama Neema alinusa mikono yangu na kunionyesha panga. Ninaandika haya ukumbini kwa Mzee Petro, na leo asubuhi Tumaini ameweka mbegu ya ishirini na sita. Jana nilishika kienge tena. Nilipuliza, na nyuki walirudi nyuma ndani ya gogo taratibu, na Mama Neema akatoa masega saba bila kuumwa hata mara moja.

Nimezunguka sana nikijifunza kazi za watu. Katika safari hii nimejifunza kwamba sigara ndogo kuliko zote ni ile unayoificha, na ndiyo yenye moshi mwingi. Mkono wangu bado unakwenda sikioni kila nikinywa chai. Kwa hiyo nakunywa uji. Zimebaki siku kumi na nne, na sijafika.