Kipimajoto cha Friji la Chanjo

Dada yangu alikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Mandawa, na kwa miaka mingi hakulala vizuri kwa sababu ya friji. Tangu apate watoto aliacha kuniita jina langu. Aliniita mjomba, kama watoto wake wanavyoniita, na kwetu hilo si jambo la kushangaza.

Miaka ya tisini friji lake la chanjo liliendeshwa kwa mafuta ya taa. Chini yake kulikuwa na utambi, na moto wa utambi ule ulitakiwa uwe wa buluu. Ukiona umekuwa wa njano, ujue masizi yamejaa na baridi inapotea. Jumapili moja alikwenda kanisani, akarudi akakuta moto umezimika, hajui tangu saa ngapi. Chanjo zote zikamwagwa shimoni. Kesho yake akina mama walifika na watoto mgongoni, wengine wametoka mbali kwa miguu, akawarudisha mmoja mmoja. Hakuna aliyemgombeza. Lakini tangu siku hiyo akawa mtu wa kuamka usiku na tochi kwenda kutazama utambi, na shemeji yangu akazoea kubaki peke yake kitandani.

Miaka ya elfu mbili ilipokwenda kwenda likaja friji la sola. Nafuu? Wapi! Lilikuja na sharti. Wenye mradi walitaka kila friji liwe na kompyuta ndogo ya kupima joto la ndani na kupiga king'ora likizidi nyuzi nane. Mafundi wao wangepita kukagua, na zahanati ambayo kompyuta yake haifanyi kazi ingenyang'anywa friji, lipelekwe kwingine, wauguzi warudie mafuta ya taa. Kompyuta ya dada ilikuwa bubu tangu siku ya kwanza. Akanipigia simu Dar es Salaam, nilikokuwa nikifanya kazi ya kuandika programu za vifaa vya namna hiyo.

"Mjomba, njoo," alisema. "Utambi tena mimi siuwezi."

Nililala kwa mama Nachingwea, asubuhi nikapanda gari la Ruangwa, kisha bodaboda. Ilikuwa miezi ya kupulizia mikorosho, na salfa, ule unga wa njano wa dawa, ilikuwa imetua mpaka kwenye kope za dereva wangu. Nilifika mwenyewe nimekuwa wa njano. Dada alicheka, akanipa maji ya kunawa, na kabla sijakauka uso akanionyesha kompyuta.

Nieleze ugonjwa wenyewe, maana nikinyamaza mtadhani nilikwenda kukaza skrubu. Watu huamini kompyuta inajijua. Haijijui hata kidogo. Kiini cha mfumo, yaani ile programu ya chini kabisa inayosimamia nyingine zote, kikiamka kwenye bodi ndogo ya kompyuta kama ile hakijui kimezungukwa na nini. Lazima mtu akae akiandikie maelezo, na sisi wa kazi hii maelezo hayo tunayaita mti wa vifaa. Unaandika: hapa pana kidhibiti cha njia ya mawasiliano, anwani yake ni hii. Chini ya kidhibiti unaandika watoto wake, yaani vifaa vilivyofungwa kwenye waya zake, kila kimoja na namba yake ya kuitwa. Kiini kinasoma na kuamini kila neno. Ukikiambia kifaa kiko chini ya kidhibiti fulani, kitakiita kwa kupitia hicho hicho. Kisipoitika, kitaandika mstari mmoja wa malalamiko na kuendelea na mambo yake. Hakiulizi. Sijawahi kukutana na kitu kivivu cha kuuliza namna ile.

Bodi ya dada ilikuwa na vidhibiti viwili vinavyofanana. Kiwanda kilikuwa kimeviandika vyote, cha kwanza kimewashwa, cha pili kimezimwa. Kipimajoto hawakukiandika, kwa kuwa kila mnunuzi hufunga cha kwake. Basi nikakiandika mimi, chini ya kidhibiti cha kwanza. Kwa nini cha kwanza? Kwa sababu soketi ya kipimajoto ilikuwa ubavuni pake kabisa, hata kucha haipiti katikati. Nilijiona nimemaliza kazi kabla ya chai.

Kimya. Nikabadilisha namba, kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kipimajoto chenyewe, nikapunguza kasi ya mawasiliano. Kimya kile kile. Nikawatukana waliotengeneza bodi, wao na karakana yao. Siku ya pili mchana dada aliniletea ugali na kisamvu, akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Umekasirika," alisema.

"Sijakasirika."

"Pua yako imekasirika. Kula." Kisha akaongeza taratibu, "Mafundi wanapita kesho asubuhi."

Nilikula bila kusikia ladha. Niliogopa, nakiri, maana niliona namna alivyokuwa akiitazama taa ya utambi ya friji la zamani pale kwenye kona, imefunikwa kitambaa, kama mgeni aliyeaga akasahau kuondoka.

Nikiwa bado na tonge mkononi akaingia mwanamke na mtoto mchanga. Alisema ni shangazi wa mtoto, mama yake kalazwa Ruangwa. Dada akamchoma mtoto sindano, akampoza, kisha akataka kujua atampata wapi kwa chanjo inayofuata.

"Si hapa hapa kwetu," shangazi akajibu. "Hapo nyuma tu, nyumba ya bati."

"Hapo kwenu anakaa," dada alisema. "Mimi nauliza kwao. Mjomba wake nani?"

"Ah, mjomba wake yuko Mbekenyera."

"Basi huyu wa Mbekenyera. Mama yake akipona, si atamchukua arudi naye kwao? Nikija kumtafuta kwenye nyumba yenu ya bati nitamkuta nani?"

Shangazi akacheka, akakubali kuwa ni kweli, akaeleza nyumba ya mjomba ilipo. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida kabisa. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, alale popote atakapolala, na swali lile nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Lakini safari hii nililirudisha tonge sahanini. Nilikuwa nimekiandika kipimajoto kwa kutazama nyumba kinamolala. Mimi, niliyelelewa na wajomba, nikafanya kazi kama karani anayeuliza kijiji na jina la baba, akafunga faili!

Nikanawa, nikaipindua bodi juani. Kutoka kwenye soketi zilitoka njia mbili nyembamba za shaba. Zilikwenda mpaka kwa kidhibiti cha kwanza, zikapita chini yake bila kukigusa, zikakatiza bodi nzima hadi upande wa pili. Zilikuwa za kidhibiti cha pili. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye mtoto, naye alikuwa amezimwa, hana habari.

Nikakiwasha kwenye maelezo, nikakihamisha kipimajoto chini yake, nikaifunga kompyuta upya. Ikaamka. Kwenye skrini ikatokea namba tano: nyuzi tano, joto la ndani ya friji. Nilipiga kelele hata mbuzi wa jirani wakakimbia.

Dada hakupiga kelele. Alisimama pale akiitazama ile tano mpaka nikamhurumia.

Mafundi wa mradi walikuja asubuhi kama walivyoahidi. Mkubwa wao alipotaka kujaribu king'ora, dada alimwambia, "Ngoja, nishike mwenyewe." Akakitoa kipimajoto frijini, akakifumbata kiganjani. Sita. Saba. Nane. Ilipovuka nane king'ora kikalia, watu kwenye benchi nje wakainuka. Hakukiachia. Alikiacha king'ora kilie mpaka mafundi wenyewe wakamwomba akirudishe kipimajoto. Wakaandika friji libaki, wakaondoka na vumbi lao.

"Na nikiwa nyumbani nimelala?" dada akaniuliza. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati.

"Utakisikia."

"Hata nisipoamka kutazama?"

"Kitakuamsha chenyewe, dada. Hakuna haja ya kutazama."

Aliitikia kwa kichwa. Akaichukua ile taa ya mafuta kwenye kona pamoja na kitambaa chake, akaipeleka stoo, akarudi. Kisha akaingia chumba cha mapumziko, akajinyoosha kwenye kitanda cha wagonjwa na viatu vyake miguuni, ukutani kukiwa na jua tele. Alilala papo hapo. Nikavuta kiti mlangoni.

Baada ya muda akaja mama mmoja na mtoto.

"Nesi yuko wapi?"

"Amelala."

Akachungulia, akaingiwa na wasiwasi. "Maskini. Anaumwa nini?"

"Haumwi," nikamwambia. "Amelala tu."

Alinitazama, akamtazama tena yeye. Akakaa kwenye benchi, akampa mtoto ziwa ili asilie, tukamngoja.