Pasi na Basi

Kwetu chai ikimiminwa, mgeni asiposema "basi," unaendelea kumimina. Ndivyo nilivyolelewa. Mkeka wangu una madoa siku hizi, na sababu yake nitaifikia, usinikimbize.

Kaka yangu ni mjumbe katika bunge la kaunti hapa Garissa. Ukoo wetu ni mdogo. Tukikimbia sote hatutimui hata vumbi. Kwa hiyo akaungana na wajumbe wengine watatu wa jamii ndogo, watu wa mtoni wanaolima migomba. Wakajiita kokasi, yaani wapige kura kama mtu mmoja. Walikutana sebuleni kwangu, maana kule hotelini kuta zina masikio. Walisema Kiswahili, kwa kuwa kaka hakujua lugha yao wala wao ya kwetu. Mimi shule niliipita kwa nje nikichunga mbuzi. Kiswahili nilikipata sokoni, pamoja na chumvi.

Kaka ndiye mwenyekiti. "Maneno mengi sitaki," aliwaambia. "Mkiniuliza, najibu moja: basi au binga."

Alimaanisha pasi, yaani tupitishe, au pinga. Sisi Wasomali herufi P hutushinda, ikifika mdomoni inageuka B.

Mjumbe mmoja wa mtoni, mcheshi kweli, akashika mbavu. "Mwenyekiti, binga ni mnyama gani?"

"Ni yule atakula wewe!"

Tulicheka sana. Lakini tuliicheka binga tu.

Walichotaka ni ukuta. Mto ukifurika unamega ukingo pale makaburini, wanakolala wafu wao na wetu. Mume wangu yuko pale. Alipokuwa hai hatukupatana, nasema kweli, mtu alikuwa akinuna hadi mbuzi wanahama kivuli. Lakini kaburi lake nililipenda. Nilikuwa nikienda pale namwambia yote, na hanikatizi.

Siku ya kupitisha bajeti kaka alikuwa kwangu, mgonjwa, homa imemlaza. Mchana simu ikalia, nikamshikia sikioni. Alikuwa yule mcheshi.

"Mwenyekiti, wakubwa wanasema tuunge mkono bajeti yao, na ukuta wetu ubaki humo. Tufanye nini?"

"Basi," kaka akasema, pumzi imekatika. "Basi, basi."

Mimi nilisikia pasi. Wallahi, hata leo nikikumbuka nasikia pasi.

Alasiri mcheshi akaja, viatu mkononi, hataki kuingia.

"Shangazi, mzee anaendeleaje? Tumemchosha na simu zetu. Aliposema basi tukamhurumia, tukatoka ukumbini. Wamepiga kura bila sisi. Ukuta wameufuta."

Kaka akainuka kitandani. "Nilisema basi!"

"Ndiyo, mzee. Ulisema basi, tukaacha."

"Basi! Basi ya kubita!"

Hakuna aliyecheka.

Mvua zilipokuja, mto ulichukua ukingo wote. Tulifika asubuhi tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita pale nilipokuwa nikikaa. Niliuliza ni wapi alipokuwa mume wangu. Mtu akanyoosha kidole, kisha akakishusha, kwa sababu alichokionyesha kilikuwa kinakwenda.

Inna lillahi. Wenye elimu wanasema maji ni maji. Sawa. Lakini bomba langu linaletewa maji kutoka mto huohuo, huko chini maji yanakoshukia kutoka makaburini. Nikilifungua huwa linakohoa kwanza, na marehemu alikuwa akikohoa hivyo kabla ya kusema jambo. Basi huwa nasimama na birika, nangoja aseme.

Halafu napika chai, nifanyeje? Maji mengine sina.

Kaka alipona. Kokasi bado wanakuja kwangu, bado wanautaka ule ukuta, ingawa sasa sijui utazuia nini. Mcheshi hukaa karibu na mlango. Neno lile halijatoka tena kinywani mwa kaka, la kupitisha wala la kuacha. Hata akishiba husukuma sahani kimya.

Nikimmiminia chai, anakitazama kikombe kinavyojaa.

"Abaayo," ananiambia, yaani dada, na anaishia hapo.

Namimina. Wote wanne wanatazama, wamefunga midomo, mpaka chai inavuka ukingo.